Kuta za Namoto ziwe za wenyewe

Anayetoka Mtwara akashika njia ya Kilambo hufika mto Ruvuma, akauvuka, na ardhi ya kwanza ya Msumbiji anayoikanyaga ni Namoto, katika wilaya ya Palma. Ni mpaka mdogo kwa majengo, mkubwa kwa watu wanaoutegemea. Na katika nchi zetu hizi mbili, ukuta unaotazama barabara haukai mtupu. Kampuni za simu zimepaka maduka na nyumba rangi zao, Vodacom nyekundu, Movitel ya chungwa. Mashirika ya misaada yamesimamisha mabango yenye nembo zao. Serikali nazo zimeandika maonyo na amri. Kila mwenye fedha au mamlaka amepata mahali pa kujitangaza, na anayekosa nafasi ni yule anayelala nyuma ya ukuta huo. Ndiyo maana naunga mkono wazo ambalo limejaribiwa katika miji mbalimbali duniani: kampeni ya sanaa ya hadharani inayotumia mbinu za matangazo, picha kubwa mahali penye watu wengi, lakini ambayo haiuzi sabuni wala vocha. Inaonyesha familia za kawaida na kuzipa heshima. Naliunga mkono lifike Namoto na Palma kwa sharti moja: familia inayoonyeshwa iwe na kauli ya mwisho juu ya picha yake, tangu siku inapochorwa hadi siku inapofutwa. Sharti hilo likikosekana, afadhali ukuta ubaki na chokaa yake.

Nianze na picha zilizopo. Tangu Oktoba 5, 2017, watu wenye silaha walipovamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, jina la Cabo Delgado, mkoa uliomo Palma, limezunguka dunia likiwa na picha za namna chache mno. Oktoba 2020 zilikuwa mashua zilizojaa wanawake na watoto zikifika ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba. Machi 2021 ulikuwa moshi wa Palma baada ya shambulio lililoanza tarehe 24. Kisha zikafuata foleni za ndoo, mahema, na kina mama waliokaa chini wakisubiri majina yao yaitwe. Watu karibu milioni moja walifikia kuyahama makazi yao, na ilikuwa lazima dunia ione. Sina ugomvi na mpigapicha aliyeyaonyesha hayo. Lakini familia inayoonekana siku yake mbaya tu, kwa miaka mfululizo, huishia kujulikana kwa siku hiyo. Mvuvi anayeshona wavu, bibi anayemenya mihogo huku akimkemea mjukuu, kijana anayempeleka mdogo wake shule, hao hawamo katika picha ya Cabo Delgado iliyo kichwani mwa Mtanzania wa Dodoma au Mwanza, wala kichwani mwa mkazi wa Maputo, ambaye yuko mbali na Namoto kuliko alivyo mkazi wa Dar es Salaam.

Picha iliyo kichwani huzaa matendo. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lililalamika hadharani kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliokimbilia Tanzania walikuwa wakirudishwa kwao kupitia mpaka wa Negomano. Maofisa walikuwa na hofu za kiusalama, na hofu hizo hazikutoka hewani, kwa sababu vijiji vya Mtwara navyo vilikuwa vimeshambuliwa mwaka 2020. Hata hivyo ni rahisi kumrudisha mtu uliyefundishwa kumwona kama sehemu ya kundi linalokimbia. Ni vigumu zaidi kumrudisha mtu unayemtambua kuwa ni shemeji wa jirani yako. Na katika mpaka huu, mashemeji ni wengi. Kionga, kijiji kilicho jirani na Namoto, kilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, kikachukuliwa na Wareno mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukakithibitisha kwa Wareno. Mtu aliyezaliwa hapo mwaka 1900 alikuwa chini ya Mjerumani, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa chini ya Mreno, bila kuhama kwao. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya Wamakonde walivuka kuja Tanzania, wengine wakakaa katika kambi ya Rutamba, Lindi. Waliozaliwa huko wana ndugu pande zote mbili hadi leo. Kimakwe, Kimakonde, Kimwani na Kiswahili vinasikika katika soko moja. Ukitafuta kitu kinachoweza kuelezea mahali hapa kwa ukamilifu, hutakipata katika bendera. Utakipata katika ukoo.

Wapo watakaosema kwamba kuonyesha familia kwa sanaa ni jambo la kuletwa, la wazungu wenye muda na rangi za kuchezea. Hao wamesahau mpingo. Miaka ya 1950 mchongaji Roberto Yakobo Sangwani alitoka Msumbiji akaja Tanganyika, na yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo ambao Wamakonde huuita dimoongo, na ambao baadaye ulijulikana kila mahali kama ujamaa. Kila Mtanzania ameuona, ingawa si wengi waliosimama kuutazama. Gogo moja la mpingo huchongwa watu kumi, ishirini au zaidi, wamepandana na kushikana kulizunguka, huyu mguu wake uko begani kwa yule, mtoto ameshika titi, mwingine ana mtungi, mwingine jembe, mzee amekaa chini amebeba uzito wa wote. Mara nyingi juu kabisa au katikati yupo mama. Hakuna mfalme ndani yake, hakuna mtakatifu, hakuna mwanajeshi. Ni watu wa nyumbani wakifanya kazi za nyumbani. Mchongaji mzuri huwapa wote sura tofauti, kiasi kwamba ukilizungusha gogo unakutana na mtu mpya kila upande, na hukiachia nafasi kila kiungo hadi mwanga unapita kati ya watu hao. Ukimtoa mmoja, wa juu yake anabaki hewani. Mimi sijui tangazo lolote la familia, la nchi yoyote, lililofikiriwa kwa kina kuliko hilo.

Ila tazama mkondo wa kazi hizo. Mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam aliwanunulia wachongaji na kuwatafutia soko, akawasaidia wengi kuishi kwa mikono yao, na kwa hilo anastahili shukrani. Kazi bora zikaenda Ulaya, Marekani na Japani. Ukoo wa Kimakonde ukasimama sebuleni kwa watu wasiojua Mueda ya Wamakonde iko wapi, na nyumbani kwa wachongaji wenyewe kuta za barabarani zikaachiwa wauza simu. Sanaa ya familia ilizaliwa kwa watu wa ukanda huu, ikanunuliwa, ikasafiri. Kampeni ninayoitetea ingekuwa njia ya kuirudisha pale ambapo waliochongwa wanaweza kupita wakaitazama bila kiingilio, tena kwa mikono ya wachongaji na wachoraji wa hapo hapo. Mtu anayechora mabango ya vinyozi na majina ya mashua anaijua kazi ya ukutani kuliko mtaalamu atakayeletwa kwa ndege.

Picha nazo pwani hii imezipenda mapema. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Unguja mwaka 1930, na humo zimepigwa picha za masultani pamoja na watu wa kawaida waliokuja na watoto wao wamevaa nguo za sikukuu. Lamu ilikuwa na studio ya Omar Said Bakor. Likoni, Mombasa, wapigapicha waliweka vibanda karibu na kivuko, wakatundika vitambaa vilivyochorwa meli, ndege na majumba, na familia zilizovuka siku za Idi zikasimama mbele yake. Watu hao walilipa kutoka mfukoni mwao. Walichagua nguo, walichagua nani akae na nani asimame, wakachukua picha wakaenda nayo. Huo ndio utaratibu ambao kampeni yoyote ya hadharani ingepaswa kujifunza kabla ya kununua kopo la kwanza la rangi: mwenye sura ndiye mteja, na mwenye kamera ndiye mtumishi.

Mfano ulio karibu zaidi na wazo hili katika Afrika Mashariki ni Kibera, mjini Nairobi. Januari 2009, mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi zilizoichoma Kenya na kuiumiza Kibera kwa namna ya pekee, msanii wa Kifaransa anayejiita JR alifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa ya mabati kwa picha za macho na nyuso za wanawake waliokuwa wakiishi pale. Zilichapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo mvua ilipokuja picha zilikuwa paa. Hilo lilikuwa jambo la busara kubwa, kwa kuwa lilijibu papo hapo swali la mama mwenye nyumba: hii inanisaidia nini? Treni inayokatiza Kibera nayo ilibandikwa macho ubavuni mwa mabehewa, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mabati ya mteremko chini ya reli, hivyo kila treni ilipopita uso ulikamilika kwa sekunde chache kisha ukaachana tena. Mahali ambapo magazeti ya mwaka uliotangulia yalionyesha mapanga na moshi, mwaka huo yakaonyesha wanawake wakitazama mbinguni. Huwezi kusema hilo halikubadilisha chochote. Liliwalazimisha wageni watafute habari nyingine ya kuandika kuhusu Kibera.

Lakini Kibera inanipa pia sababu ya sharti langu. Picha za mapaani zinaonekana vizuri zaidi kutoka angani, na wakazi wa Kibera hawakai angani. Picha za picha hizo zikasafiri katika vitabu, filamu na majumba ya sanaa, na jina lililobaki midomoni mwa dunia ni la msanii; majina ya wanawake wenye macho hayo ni wachache wanaoyajua. Sisemi walidhulumiwa, kwa sababu walikubali na walishiriki. Nasema kwamba kukubali kupigwa picha na kuwa na mamlaka juu ya picha ni hatua mbili tofauti, na ya pili haikufikiwa. Wakati huo huo Wakenya wenyewe walikuwa na njia yao. Maonyesho ya Picha Mtaani, yaliyoanzishwa na mpigapicha Boniface Mwangi, yalipeleka picha za ghasia zile zile mitaani na viwanjani katika miji ya Kenya ili watu wazitazame pamoja na kuzijadili. Zilikuwa picha ngumu, zenye maiti na moto, kinyume kabisa na sherehe ya familia. Kilichozipa uzito ni kwamba zilisimamishwa mbele ya watu waliohusika, na aliyeumizwa aliweza kusema papo hapo kama zinasema kweli.

Tukitoka nje ya Afrika Mashariki, somo ni kali zaidi. Januari 1955 Edward Steichen alifungua mjini New York maonyesho ya picha 503 kutoka nchi 68, yakiwa na kichwa kinachodai kwamba binadamu wote ni familia moja. Yalizungushwa duniani kwa fedha za serikali ya Marekani, na mamilioni wakayatazama. Kuzaliwa, kuoa, kulima, kucheka, kufa, yote yamo. Yalipofika Moscow mwaka 1959, mwanafunzi wa udaktari kutoka Nigeria, Theophilus Neokonkwo, alizirarua picha kadhaa. Kosa aliloliona ni hili: Waafrika walikuwa wameonyeshwa nusu uchi na katika hali duni, na Wazungu walikuwa wamevaa na kuheshimika. Familia moja, lakini wengine wako sebuleni na wengine wako uani. Steichen hakuwa mtu mwenye nia mbaya. Tatizo lilikuwa kwamba uchaguzi wote ulifanywa na macho ya upande mmoja, na mwenye kuonyeshwa hakuulizwa anataka kuonekana vipi. Neokonkwo alijibu kwa mikono swali ambalo lingejibiwa kwa mdomo kama lingeulizwa mapema.

Na tusidhani kwamba serikali zetu wenyewe zina macho salama zaidi. Tanzania imejua mabango ya familia tangu kampeni za uzazi wa mpango za Nyota ya Kijani miaka ya 1990: baba, mama, watoto wachache wenye afya, tabasamu. Ujumbe ulikuwa wa maana kwa afya ya akina mama, na sina nia ya kuupinga. Ila familia ile haikuwa ya mtu. Ilikuwa familia ya somo. Ndiyo maana Septemba 2018, upepo wa siasa ulipogeuka baada ya Rais Magufuli kusema wanawake wanaweza kuachana na njia za uzazi wa mpango, Wizara ya Afya iliagiza matangazo ya aina hiyo yasitishwe redioni na kwenye televisheni, na yakasitishwa. Familia inayotumika kufundisha sera huondoka pamoja na sera. Familia iliyochorwa kwa sababu ipo, kwa sababu inaishi mtaa huu na watu wanaijua, haina sera ya kuondoka nayo.

Pingamizi la kwanza, na ndilo litakalokuja haraka, ni kwamba watu wa Palma wanahitaji chakula, zahanati na usalama kabla ya michoro. Ni kweli wanahitaji hayo, na atakayechukua hata senti ya dawa akanunulia rangi atakuwa amekosea. Lakini fedha ya kuta tayari inatumika. Kila bango la shirika limegharimiwa, kila duka lililopakwa rangi ya kampuni limelipiwa, na mashirika yanayosaidia wakimbizi yana mafungu ya mawasiliano yanayochapisha mabango kwa Kireno katika mkoa ambao ni miongoni mwa ile yenye kiwango kikubwa kabisa cha wasiojua kusoma nchini Msumbiji. Naomba sehemu ya fedha hiyo igeuzwe njia. Tena Msumbiji inajua kwamba picha ya ndugu inaweza kuwa hitaji la lazima. Vita vya miaka 16 vilivyomalizwa na mapatano ya Roma ya Oktoba 4, 1992 viliacha watoto wengi mbali na wazazi wao, na picha za watoto hao zilizungushwa vijijini ili ndugu wawatambue. Kuna watu wazima leo waliorudi kwao kwa sababu shangazi aliiona karatasi akasema, huyu ni wetu. Kaskazini ya sasa ina familia zilizotawanyika kati ya Palma, Mueda, Pemba, Nampula na Mtwara. Ukuta wa mpakani unaosema ukoo fulani uko hapa, umerudi, unalima, ni habari kwa wenye haja nayo.

Pingamizi la pili linahusu dini na heshima. Pwani ya Palma ni ya Waislamu kwa wingi, na wapo masheikh wasioridhia sura za viumbe kuchorwa, achilia mbali sura ya mwanamke kutundikwa njiani. Picha ya Idi iliyopigwa Likoni ilirudi nyumbani ikakaa kwenye albamu. Hii inakaa barabarani, na anayeitazama anaweza kuwa mtu yeyote. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, na ndilo linaloonyesha kwa nini sharti langu si pambo. Familia ikikataa sura, kuna mengi ya kuchora. Kuna jahazi lenye jina lake, kapulana, yaani vitenge, za wanawake wa nyumba hiyo, mkeka unaosukwa, jiko, mikono inayosaga msiro wa kupaka usoni, majina ya wazee watatu waliotangulia. Familia nzuri inaweza kuonyeshwa bila jicho hata moja. Mchoraji atakayeona hilo linamnyima uhuru wake atafute ukuta mwingine.

La tatu ni zito kuliko yote, nalo ni usalama. Wanajeshi wa Rwanda walifika Julai 2021, kikosi cha SADC kimeondoka mwaka 2024, na mashambulizi mkoani hayajakoma. Kumchora mtu kwa sura na jina katika kijiji ambacho wenye silaha wanaweza kurudi ni kumweka hatarini. Hakuna thamani ya sanaa inayolipa hatari hiyo. Hapa nakubaliana na wapingaji moja kwa moja: mahali ambapo wakazi wana shaka, pasichorwe sura, pasiandikwe jina, na wakazi ndio wapime shaka hiyo, siyo ofisa wa mradi aliye Maputo. Na kwa kuwa hali hubadilika, familia iwe na haki ya kusema leo futa, na rangi ya kufutia iwe imenunuliwa pamoja na rangi ya kuchorea. Mradi usioweza kuahidi hilo usianze.

Kuna na jambo la kampuni, ambalo naona linahitaji kusemwa wazi zaidi kuliko kawaida. Rasi ya Afungi, kusini ya mji wa Palma, ndiko unakojengwa mradi wa gesi wa TotalEnergies wenye thamani ya dola bilioni 20, uliowahi kusimamishwa kwa tangazo la Aprili 26, 2021 baada ya shambulio la Palma. Ili kuupisha, zaidi ya familia 500 zilitakiwa kuhama, na kijiji kipya cha Quitunda kikajengwa kuzipokea. Uwekezaji wa kiasi hicho unahitaji picha nzuri, na hakuna picha nzuri kuliko mama anayecheka mbele ya nyumba mpya. Kampeni ya kusherehekea familia ikifadhiliwa na kampuni yoyote inayochimba hapo, nembo ikiwa kwenye kona, itakuwa imeigeuza familia kuwa shahidi wa kampuni katika kesi ambayo haijaisha: kesi ya ardhi, ya fidia, ya uvuvi uliozuiwa, ya ajira zilizoahidiwa. Coca-Cola ilishiriki kufadhili maonyesho ya Steichen yalipokwenda Johannesburg mwaka 1958, katika Afrika Kusini ya ubaguzi. Familia moja ya binadamu, iliyoletwa na soda, katika nchi iliyowatenganisha mume na mke kwa kibali cha kuishi mjini. Kampuni inayotaka kusaidia Namoto itoe fedha kwa wilaya, isionekane ukutani. Kama haiwezi kutoa bila kuonekana, basi ilikuwa inanunua tangazo, na matangazo yana bei yake na kodi yake.

Hatimaye kuna swali la nani anahesabika. Mashirika huhesabu kaya, yaani watu wanaokula chungu kimoja chini ya mkuu mmoja, kwa sababu mgao unahitaji hesabu. Sheria ya Msumbiji imekuwa na upana zaidi. Sheria ya familia ya 2004 ilitambua ndoa za kidini na za kimila, ikatambua pia watu wanaoishi pamoja bila cheti, na ikamwondolea mume ukuu wa moja kwa moja. Sheria mpya ya 2019 imechukua nafasi yake. Na maisha ni mapana kuliko sheria. Wamakonde na Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kwa mtoto ambalo baba hana. Vita vimeongeza nyumba za wajane, nyumba za mabibi wanaolea wajukuu saba, nyumba ambazo kijana wa miaka 17 ndiye mkubwa, nyumba zilizopokea watoto wa jirani asiyerudi. Kampeni itakayochora baba, mama na watoto wawili wenye viatu itakuwa imewafuta wengi wa wapitaji wake. Hapa tena jibu halipaswi kutoka kwa mbunifu. Ukimwambia bibi wa Namoto achague nani wawe kwenye picha ya familia yake, atawataja, na orodha yake itakuwa sahihi kuliko ya ofisi yoyote. Atamtaja na aliyekufa, na atamtaja aliye Mtwara.

Utekelezaji hauhitaji mengi. Wilaya ya Palma ina viongozi wa mitaa, masheikh, mapadre na wanawake wa vikundi vya kuweka akiba wanaoweza kuuliza nyumba kwa nyumba. Mtwara ina wachoraji, na Mueda ina wachongaji. Maandishi yawe kwa lugha ya wenye picha kwanza, Kireno kifuate. Kila familia ipewe nakala ya picha yake ya kuweka ndani, na asiwepo mtu yeyote, awe msanii, shirika au gazeti, mwenye ruhusa ya kuiuza au kuitumia kuchangisha fedha bila familia hiyo kuulizwa upya. Michoro ianzie mahali pachache palipotulia, pengine kwenye kuta za kituo cha mpaka chenyewe na upande wa pili, Kilambo, kwa kuwa familia nyingi zitataka kuchorwa pande zote mbili.

Nawaomba basi wakuu wa wilaya ya Palma na wa mkoa wa Mtwara, pamoja na mashirika yenye mafungu ya mabango, wasiidhinishe bango jingine lenye sura ya mtu wa mpaka huu kabla mtu huyo hajaulizwa mambo matatu: anataka kuonekana, anataka kuonekana na nani, na siku akibadili mawazo amwone nani ili lifutwe.